Mkono Mmoja Usiokuwa wa Mtu

Jumatatu, 1 Rabiul-Akhir

Naufungua mwezi huu kwa jina la Mwenye kujua idadi ya matone kabla hayajashuka. Upepo wa baharini umeanza tangu alfajiri, na majirani wamekwisha kupandisha mchele darini. Kwa miaka thelathini nimeandika siku za mvua kubwa katika daftari kama hili, kwa kuwa ndizo siku ambazo wanafunzi wa chuo hupungua nami hupata nafasi.

Rogayah binti Seman amemaliza kupandikiza mpunga. Nilimwona akinyoosha mgongo wakati wa alasiri, peke yake, kwa kuwa mama yake, Mek Esah, ana maumivu ya magoti, na mdogo wake Limah yuko kiwandani upande wa magharibi. Miche imesimama mistari kama watu katika sala.

Jumatano, 3 Rabiul-Akhir

Mvua. Wanafunzi wanne.

Ijumaa, 5 Rabiul-Akhir

Leo nimeshtakiwa na mwandiko wangu mwenyewe.

Baada ya sala, Leh alinifuata barazani. Huyu ni ndugu wa marehemu Seman, baba mdogo wa Rogayah, na shamba lake liko chini ya shamba la wasichana hao. Alivua kofia, akakaa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Isome mwenyewe, Maalim. Macho yangu huenda yananidanganya."

Ilikuwa karatasi ya mirathi ya Seman, aliyefariki miaka kumi na miwili iliyopita. Aliacha mke, baba, mama, na binti wawili. Niliiandika mimi: mke 0.111, baba 0.148, mama 0.148, Rogayah 0.296, Limah 0.296.

"Jumlisha," akasema Leh.

Nikajumlisha. Ilikuja 0.999.

"Na shamba zima ni moja. Kwa hiyo imebaki moja ya elfu. Sasa kinachobaki baada ya mafungu ni cha nani? Ulinifundisha wewe, nikiwa na miaka kumi na miwili, na fimbo iko juu ya meza."

"Ni cha baba wa marehemu," nikasema.

"Baba wa marehemu ni baba yangu. Anakaa kwangu, anakula kwangu, na jembe lake nashika mimi."

Moja hiyo ya elfu si wazo tu. Vigingi vilipopigwa, wapimaji walianza kupima kutoka jiwe la mfereji kwa kufuata karatasi, fungu baada ya fungu, na kabla ya jiwe la mwisho ukabaki mkono mmoja na vidole viwili. Hapo ndipo penye tuta, na katika tuta hilo ndimo ulimo mlango wa maji wa shamba zima. Kwa karatasi hii, tuta haliko katika fungu la mtu yeyote.

"Nitaupigia mbao mlango ule," akasema Leh kwa upole. "Kila mwaka maji yao yanashukia kwangu. Mwaka huu nimepanda mbegu ya bei kubwa."

"Ukiupigia mbao, mpunga wa Rogayah utazama."

"Si mimi niliyeandika karatasi, Maalim."

Nikamwambia kwamba katika mirathi ile hakikuweza kubaki kitu. Mke ana thumuni, baba sudusi, yaani moja ya sita, mama sudusi, binti wawili thuluthi mbili. Katika sehemu ishirini na nne, ni tatu, nne, nne na kumi na sita, na jumla yake ni ishirini na saba. Mafungu yalizidi shamba. Tulilazimika kuligawa shamba sehemu ishirini na saba ili kila mmoja apungukiwe kwa uwiano wa haki.

"Unaona?" akasema Leh. "Mdomo wako unasema yamezidi. Mkono wako unasema yamepungua. Mimi nina karatasi yenye mhuri. Wewe una nini?"

Naandika hapa jambo ambalo sikulisema barazani. Karani wa ardhi alitaka nambari za mashine, na fomu yake ilikuwa na visanduku vitatu tu baada ya nukta. Niliona haya kuonekana mzee wa vitabu vya kale vyenye kurasa za manjano asiyejua mambo ya sasa. Nikazikata nambari zikaenea visandukuni. Ukurasa wa hesabu yangu ya kweli ulichukuliwa na gharika ya mwaka uliofuata.

Jumatatu, 8 Rabiul-Akhir

Mvua tangu juzi. Mkahawani Leh alikuwa na mashine ya kuhesabia iliyo ndogo kama kipande cha sabuni.

"Nimekuonea huruma, Maalim. Nimeongeza tarakimu, zikawa sita. Bado imebaki moja ya milioni. Unene wa ukucha, lakini ni ukucha wa baba."

"Utapanda nini hapo?" akauliza muuza kahawa.

"Mchicha. Jani moja, nalo lisimame wima."

Watu walicheka, nami nikacheka kwa adabu. Lakini nimerudi nyumbani na wasiwasi. Nikiongeza tarakimu zikawa tisa, baki huwa ndogo zaidi, wala haitoweki. Je, nimefundisha miaka arobaini kwamba hakibaki kitu, na kumbe daima kuna kidogo kinachobaki ambacho sikuwa nakiona?

Jumatano, 10 Rabiul-Akhir

Nina miaka sabini na mmoja, na leo nimehisi furaha niliyoihisi nilipofungua kitabu cha kwanza cha mirathi.

Shule zimefungwa, na Mwalimu Salwani, anayefundisha hesabu mjini, yupo kwa mama yake. Alisoma juzuu ya Amma kwangu akiwa na meno ya utotoni. Nilimkuta akimenya muhogo. Nikamweleza shauri la Leh na baki isiyokwisha.

"Maalim, nambari hizi hazikwishia hapa. Umezikata."

"Najua nimezikata. Nataka kujua zinaishia wapi."

"Haziishii popote. Zinarudi." Akafuta mikono, akanipa kipande cha chaki. "Gawa nne kwa ishirini na saba. Kwa mkono, si kwa mashine. Na usitazame jibu, tazama baki."

Nikagawa juu ya sakafu ya mbao. Arobaini kwa ishirini na saba ni moja, baki kumi na tatu. Mia na thelathini ni nne, baki ishirini na mbili. Mia mbili na ishirini ni nane, baki nne.

"Umeanza na ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Na sasa unayo ngapi mkononi?"

Chaki ikasimama. Nilikuwa na nne. Yaliyofuata yangekuwa yale yale: moja, nne, nane, moja, nne, nane, wala pasingekuja kitu kigeni hata ningeandika mpaka sakafu iishe. Tasbihi yangu ilikuwa mfukoni, nami nikaishika bila kukusudia.

"Je, nambari nyingine? Huenda hii imerudi kwa bahati."

"Baki lazima iwe ndogo kuliko ishirini na saba, sivyo? Ukiacha sifuri, ziko ishirini na sita tu. Ikija sifuri, hesabu imekoma. Isipokuja, utazunguka katika hizo ishirini na sita, na siku moja lazima ukanyage uliyokwisha kuikanyaga. Itakimbilia wapi, Maalim?"

Haina pa kukimbilia. Nimeirudia sentensi hiyo njiani mara nyingi, na mvua sikuisikia.

Akanieleza kwamba nambari inayoweza kuandikwa nzima juu ya nzima nyingine huitwa namba wiani. Desimali inayokoma ni wiani, na inayojirudia ni wiani vilevile, japo haikomi. Isiyokoma wala kujirudia, kama ulalo wa mraba wenye upande wa moja, hiyo si wiani, na hakuna sehemu itakayoishika. Nikamwambia kwamba mafungu yote ya mirathi basi ni wiani.

"Ndiyo maana watu wanaweza kugawana wakamaliza," akasema, akaurudia muhogo wake.

Jumamosi, 13 Rabiul-Akhir

Leh ameupigia mbao mlango wa maji.

Rogayah alikuja kabla ya adhuhuri, maji yakimtiririka kutoka kwenye mtandio. Hakukaa.

"Maalim, nimemkuta baba mdogo na nyundo. Nikamwambia, baba mdogo, miche yangu ina siku kumi na mbili tu ardhini. Akaniambia nenda kwa aliyeandika. Basi nimekuja kwa aliyeandika."

"Mpunga utastahimili siku ngapi chini ya maji?"

"Saba huinuka. Ya nane hauamki. Na mbegu nyingine sina."

"Nitalitengeneza."

"Kwa kitu gani? Kwa dua?" Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, Maalim. Nimesema kwa uchungu."

Hakuhitaji msamaha. Aliuliza swali lililo sahihi.

Jumapili, 14 Rabiul-Akhir

Maji yako gotini shambani. Ncha za miche hazionekani tena.

Jumatatu, 15 Rabiul-Akhir

Nimekwama. Najua sasa kutoka sehemu kwenda kwenye desimali. Lakini nikimwonyesha Leh ishirini na saba, atasema nimeanza na jibu ninalolitaka ili niwapendelee wasichana, na hatakuwa mjinga kusema hivyo. Nahitaji hesabu inayoanza na karatasi aliyoishika yeye na kufika kwenye sehemu bila kupitia kinywani mwangu.

Mvua haikupumzika hata wakati wa adhana.

Jumanne, 16 Rabiul-Akhir

Nitaandika yote, taratibu, ili atakayelipata daftari hili baada yangu aweze kufuata kwa kidole.

Nilikwenda kwa Mwalimu Salwani asubuhi, suruali nimeikunja mpaka magotini. Mama yake akatuletea muhogo wa kuchemsha na nazi ya kukuna, akasema, "Miaka yote nimemwona Maalim akifundisha. Leo namwona akikaa chini." Nikamwambia kwamba kukaa chini kunanifaa.

Mwalimu Salwani akaandika 0.148148148, akaweka vitone kuonyesha kwamba zinaendelea.

"Hatujui ni sehemu gani. Tuiite fungu. Tarakimu ngapi zinajirudia?"

"Tatu."

"Basi zidisha fungu kwa elfu moja, ili nukta iruke tarakimu tatu. Unapata nini?"

"Mia na arobaini na nane, nukta, moja nne nane, moja nne nane, zinaendelea."

"Tazama upande wa kulia wa nukta. Kabla ya kuzidisha palikuwa na nini?"

"Mkia ule ule."

"Ule ule kabisa?"

Nikafikiri, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa na wasiwasi wangu wote. Mkia wenye mwisho ungefupika nukta ikiruka. Lakini huu hauna mwisho, kwa hiyo haufupiki.

"Ule ule kabisa," nikasema.

"Basi toa. Mafungu elfu moja, toa fungu moja."

Mafungu mia tisa tisini na tisa yakabaki upande mmoja. Upande wa pili mkia ukaondoka na mkia, wote, mpaka huko usikofika jicho, na ikabaki mia na arobaini na nane, nzima, bila nukta. Nambari isiyo na mwisho ilikuwa imeshikwa kwa mstari mmoja wa chaki. Fungu ni 148 juu ya 999.

Nilisimama. Mama yake akadhani nimeumwa na mdudu.

"Subiri, Maalim, hujaisikia tamu yake," akasema Mwalimu Salwani. "Gawa mia tisa tisini na tisa kwa thelathini na saba."

Ishirini na saba. Nikagawa mia na arobaini na nane kwa thelathini na saba: nne. Nne juu ya ishirini na saba. Nikaichukua chaki mkononi mwake bila kuomba ruhusa. Mia na kumi na moja kwa thelathini na saba ni tatu. Mia mbili tisini na sita kwa thelathini na saba ni nane. Mke tatu, baba nne, mama nne, Rogayah nane, Limah nane. Jumla ishirini na saba juu ya ishirini na saba.

Na hapo ndipo lilipokuja jambo lililonifanya niketi tena. Tarakimu za karatasi ya Leh hazina kosa hata moja. 111, 148, 148, 296, 296, jumla 999. Zilisomwa juu ya elfu, na zilipaswa kusomwa juu ya mia tisa tisini na tisa. Ukizisoma hivyo, mafungu yanalijaza shamba lote. Kosa halikuwa katika kile nilichoandika. Lilikuwa katika kile nilichokikata, kisha nikanyamaza.

Nimesujudu sijida ya shukrani pale pale kwenye unga wa chaki.

Jumatano, 17 Rabiul-Akhir

Nilimwonyesha Leh, mbele ya baba yake, Mzee Deraman, ambaye masikio yake ni mazito na hukaa dirishani. Leh alifuata kila mstari. Ana akili, alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Naiona," akasema. "Lakini ubaoni kila kitu kinakubali, Maalim. Shamba halijui mambo ya mkia. Tuta lipo pale, nimesimama juu yake. Likiwa si baki, limetoka wapi?"

Mzee Deraman akageuka kutoka dirishani.

"Mnabishania nini?"

"Tuta, baba," akasema Leh kwa sauti kubwa. "La mlango wa maji."

"Kamba zote za kupimia mmeziuza?" akauliza mzee. "Pimeni."

Alhamisi, 18 Rabiul-Akhir

Siku ya sita chini ya maji. Rogayah na Mek Esah wameunga kamba za nyavu mpaka zimetosha urefu wa shamba. Limah amempigia simu muuza kahawa: tupime, asisubiriwe.

Ijumaa, 19 Rabiul-Akhir

Baada ya sala nilisimama mbele ya watu, nikasema: niliona haya mbele ya karani, nikakata nambari zisizokatika, na kwa haya hiyo mpunga wa mwanamke mmoja uko chini ya maji siku ya saba. Niliomba msamaha wao. Kisha nikasema anayetaka aje barabarani.

Walikuja wengi. Barabara inakwenda sambamba na shamba, nayo imeinuka juu ya maji. Tukanyoosha kamba kutoka jiwe la mfereji mpaka jiwe la mwisho, tukaikata hapo. Leh mwenyewe ndiye aliyeikata. Mwalimu Salwani hakutaka pima wala fimbo.

"Ikunjeni sehemu tatu sawa," akasema. "Kisha tatu. Kisha tatu tena. Tatu mara tatu mara tatu ni ishirini na saba."

Watu wazima wakakimbia na kamba yenye maji barabarani, wakigongana. Muuza kahawa aliteleza akaketi dimbwini, akasema ni wudhu wa pili. Kila palipokunjwa Rogayah alifunga kitambaa chekundu. Kisha tukainyoosha tena kando ya vigingi, tukaanza kutembea, na mimi nikihesabu kwa sauti.

Vitambaa vitatu, fungu la Mek Esah. Kigingi chake cha miaka kumi na miwili hakikuwa penye kitambaa. Kilikuwa nyuma yake, vidole vitatu.

"Kigingi kimelala," akasema Leh.

"Kiko wima," akasema Rogayah.

Vinne zaidi, fungu la Mzee Deraman. Kigingi kilikuwa nyuma kwa vidole saba: vitatu vya mke wa mwanawe na vinne vyake. Vinne zaidi, fungu la mke wake: nyuma vidole kumi na kimoja, karibu shubiri moja. Vinane vya Rogayah, pengo likakua. Vinane vya Limah, na kitambaa cha ishirini na saba kikaangukia juu ya jiwe la mwisho, upande wa pili wa tuta. Kigingi cha Limah kilikuwa nyuma yake, mkono mmoja na vidole viwili.

Mzee Deraman alikuwa ameletwa kwa baiskeli ya mizigo. Aliangalia tuta, kisha akaangalia nyuma kwenye safu ya vigingi.

"Leh," akasema. "Nipe mkono wako." Akaushika, akavikunjua vidole vya mwanawe kimoja kimoja. "Vidole vinne hapa ni vyangu. Vinne vya mama yako. Vitatu vya Mek Esah. Vingine vya wajukuu zangu wawili. Tuta hili halikubaki. Lilinyofolewa kwa watu watano. Nawe ukataka kunipa mimi kama zawadi."

Mvua ilikuwa nyembamba sasa. Leh akanigeukia.

"Basi hakikubaki kitu, Maalim."

"Hakikubaki."

"Hata ukucha."

"Hata ukucha."

Akashuka mpaka kwenye tuta, maji yakamfika kiunoni. Nyundo aliyopigilia misumari ilikuwa shambani kwake, kwa hiyo alizing'oa mbao kwa mikono. Ya tatu ilipotoka maji yakapita kwa kishindo, yakashukia kwenye mpunga wake wa bei kubwa, naye akasimama pale akiyatazama yakienda.

Jumapili, 21 Rabiul-Akhir

Jua, kwa saa mbili. Ncha za miche zimeonekana, nyingine njano, nyingi kijani. Niliporudi chuoni nilipita shamba la Leh. Rogayah alikuwa humo tangu asubuhi, ameinama, akiinua miche ya baba yake mdogo iliyolala, na Leh mstari wa pili, kila mmoja na safu yake.

"Baba mdogo, hii umepanda kama umelewa," nilimsikia akisema.

"Mche wako mmoja umekimbilia huku kwangu. Utaurudisha au ni baki?"

Jumatano, 24 Rabiul-Akhir

Nimepeleka karatasi kwa karani mpya. Pembeni, kwa wino mweusi, nimeandika: "Tarakimu hizi zijirudie bila kukoma, na zisomwe juu ya mia tisa tisini na tisa." Akauliza kama nataka kubadilisha nambari. Nikamwambia hapana, hakuna hata moja ya kubadilishwa. Nikatia sahihi, na chini yake Leh akatia yake.

Jumanne, 1 Jumadal-Ula

Vigingi vitano vimehamishwa. Wanafunzi ishirini na watatu leo. Niliwaambia waweke vitabu pembeni, nikagawa nne kwa ishirini na saba ubaoni, na nilipofika kwenye baki ya tatu niliweka chaki chini, nikawatazama, nikangoja mmoja wao aone. Sifa zote ni zake Yeye ambaye hakuna kinachobaki nje ya hesabu yake.